Mgeni hajafika, kitanda kimeshatandikwa

Nawaandikia kutoka hapa Nürnberg, Ujerumani. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimemezwa na theluji. Sijamezwa, ni kazi tu. Leo nawaletea kisa cha historia ya kompyuta, lakini msikimbie! Hata shangazi, ambaye husema mambo yangu ya kompyuta yanamletea usingizi, naamini leo atafika nami mwisho, maana ukikifukua vizuri kisa chenyewe ni cha mgeni na mwenyeji.

Kimeanzia kwa mpwa wangu anayesoma Morogoro. Alinipigia simu usiku mmoja, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye shida yake. Alikuwa amedunduliza hela mwaka mzima, akaenda Kariakoo akanunua laptopu mpya kabisa, bado ina plastiki kwenye kioo. Akaweka Linux kwa kutumia flashi aliyoazimwa na rafiki yake. Kioo kikawaka vizuri, lakini waifai haionekani na sauti haitoki. Mwenzake wa chumba naye ana laptopu ya mtumba, imechubuka kila kona. Flashi ileile, mashine ile kuukuu, na kila kitu kinafanya kazi.

"Mjomba," akaniambia, "inakuwaje cha mtumba kinashinda kipya? Hao watu wenu wa programu huria walikuwa wapi wakati mashine yangu inatengenezwa?"

Nikacheka. Lakini nilipokata simu lile swali likanikaa kichwani. Maana kijana, bila kujua, alikuwa amegusa mjadala ambao watengenezaji wa Linux wamekuwa nao tangu miaka ya 1990: je, mradi wa programu huria upokee msimbo wa kuendesha mashine ambayo bado haijaingia sokoni? Ukipokea mapema, unaweza kuwa unamlea mtoto ambaye hatazaliwa. Ukisubiri mpaka mashine ifike dukani, wanaoumia ni wanunuzi wa kwanza, kama huyu wa Morogoro.

Kwa wale wasioifahamu Linux nieleze kidogo. Ni programu endeshi ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Katikati yake kuna kiini kinachoitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayozungumza na vyuma vyenyewe: prosesa, kioo, diski, kadi ya waifai. Kila chuma kina lugha yake, kwa hiyo kerneli inabeba wakalimani wengi, na mkalimani wa namna hiyo huitwa draiva. Mtu yeyote duniani anaweza kuandika draiva na kuituma, lakini haiingii mpaka msimamizi wa sehemu ile aipitie na kuikubali, na juu ya wasimamizi wote yupo Linus Torvalds, mwanzilishi mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa nje hatulioni haraka. Kuukubali msimbo ni kazi ya siku moja, kuutunza ni kazi ya miaka. Kerneli hubadilishwa ndani kila siku, na kila ikibadilishwa draiva zote zilizomo lazima zirekebishwe ziendane nayo. Ni kama kumkaribisha mgeni akae nyumbani kwako: sahani ya wali ya siku ya kwanza si tatizo, tatizo ni mwaka wa tano.

Mwanzoni kabisa swali la mpwa wangu halikuwepo. Mwaka 1991 Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki, Finland, ana kompyuta yake moja yenye prosesa ya Intel 386, akaandika kerneli ya kuendesha hiyohiyo. Alipoitangaza Agosti mwaka ule alisema wazi kwamba pengine haitakuja kukubali diski za aina nyingine zaidi ya zile za AT, kwa sababu ndizo pekee alizokuwa nazo. Na ndivyo mambo yalivyokwenda miaka ile. Mtu ananunua chuma dukani, kinamgomea, anakesha akikichunguza, anaandika draiva, anawatumia wenzake. Chuma kwanza, msimbo baadaye. Hakuna kampuni iliyokuja kubisha hodi na kusema "mwakani tunatoa mashine hii, jiandaeni".

Hodi zilianza kupigwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Linux ilipokuwa imeshaingia kwenye seva za mashirika. Makampuni ya chipu yakaona kwamba mteja wa mashine kubwa atauliza siku ya kwanza: je, Linux inakubali? Na siku ya kwanza haitoshi kuanza kuandika, kwa sababu kutoka kwenye kerneli hadi kwa mtumiaji ni safari ndefu. Msimbo ukishakubaliwa, unasubiri kerneli mpya itoke. Kisha wakusanyaji kama Debian na Ubuntu wanachukua kerneli moja, wanaijaribu, wanaifungia kwenye toleo lao. Toleo imara la Debian hutoka takriban kila baada ya miaka miwili. Ubuntu nao, tangu 2006, toleo lao la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo msimbo uliokubaliwa siku mashine inapoingia dukani unaweza kumfikia mtu wa kawaida baada ya mwaka mzima au zaidi. Anayetaka mashine ifanye kazi siku ya kwanza lazima abishe hodi mapema, wakati mashine yenyewe bado iko maabara.

Sasa nianze na mgeni wa kwanza mkubwa, na habari yake ni ya kusikitisha.

Mwaka 1994 Hewlett-Packard na Intel waliungana kubuni prosesa mpya ya biti 64, yenye lugha tofauti kabisa na ile ya kompyuta za kawaida. Baadaye ikapewa jina la Itanium. Wakati ule karibu kila mtu aliamini ndiyo itakayotawala dunia. Watu wa HP walianza kuihamishia Linux mwaka 1998, chipu yenyewe ikiwa haijashikwa na mkono wa mtu. Walifanyaje? Walitumia simuleta, yaani programu inayojifanya kuwa ile prosesa, ndani ya kompyuta ya kawaida. Inakwenda polepole sana lakini inakuonesha kama msimbo wako unaeleweka. Mwaka 1999 wakaungana na wengine kwenye mradi ulioitwa Trillian: Intel, IBM, SGI, VA Linux, Red Hat, SuSE, hata CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Kwa kuwa undani wa chipu ulikuwa siri ya kampuni, kwanza kazi ilifanyika ndani kwa ndani. Februari 2000 msimbo ukafunguliwa kwa umma, ukaingizwa kwenye kerneli, na kerneli ya 2.4 ilipotoka Januari 2001 Itanium ilikuwa imo. Mashine zenyewe zilianza kuuzwa katikati ya 2001. Kitanda kilitandikwa miezi kadhaa kabla ya mgeni kufika.

Na mgeni alipofika? Akafika amechelewa, ghali, na akiendesha programu za zamani kwa kusuasua. Seva chache zikanunuliwa, hasa za HP, lakini utawala wa dunia haukuja. Intel walitoa chipu ya mwisho ya ukoo ule mwaka 2017, na shehena za mwisho zikapangwa kuondoka Julai 2021. Mwaka huohuo 2021 kwenye kerneli sehemu ya Itanium iliandikwa kuwa yatima, maana walezi walikuwa wameondoka. Hatimaye ikang'olewa kwenye kerneli ya 6.7 iliyotoka Januari 2024: zaidi ya mistari 65,000 ya msimbo ikatupwa. Hesabuni wenyewe, kuanzia 2000 mpaka 2024. Karibu robo karne watu walikuwa wanarekebisha sehemu ambayo watumiaji wake walizidi kupungua kila mwaka.

Mtu atasema: mnaona! Wangesubiri kuona soko linasemaje. Nami ningekubali, kama si mgeni wa pili. Huyu alipita karibu na mlango wangu hapa Nürnberg, ndiyo maana nampenda kisa chake.

AMD, washindani wa Intel, walichukua njia nyingine. Badala ya lugha mpya, walichukua lugha ya zamani ya prosesa za kawaida wakairefusha ifike biti 64, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi bila mkalimani wa pembeni. Walitangaza wazo hilo Oktoba 1999. Agosti 2000 wakafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kisa chote: wakachapisha kitabu cha maelezo ya usanifu wake, kila mtu akausoma, na kukawa na simuleta ya kujaribia. Chipu yenyewe ilikuwa bado miaka karibu mitatu mbele.

Kampuni ya SuSE ya hapa Nürnberg ikaichukua ile kazi. Andi Kleen akasimamia upande wa kerneli, na Jan Hubička, kijana wa Kicheki, akahangaika na GCC, yaani kompaila, programu inayogeuza msimbo wa binadamu kuwa lugha ya prosesa. Watu wa NetBSD, mradi mwingine wa programu huria, nao wakaingiza msimbo wao mwaka 2001. Kwenye Linux uliingia mwanzoni mwa 2002, katika kerneli za majaribio za 2.5. Kompaila GCC 3.1 ikafuata Mei mwaka huohuo. Prosesa ya kwanza, Opteron, iliyotengenezwa Dresden hapahapa Ujerumani, ilizinduliwa tarehe 22 Aprili 2003, na SuSE walikuwa na toleo la seva tayari linaisubiri. Microsoft walitoa Windows XP ya aina hiyo Aprili 2005, miaka miwili baadaye. Na Februari 2004 Intel wenyewe, wenye Itanium yao, walitangaza kwamba nao watafuata lugha ile ya AMD.

Leo hii laptopu nyingi na seva nyingi mnazozigusa, hata ile ya mtumba ya mwenzake mpwa wangu, zinazungumza lugha ile. Iliandikiwa msimbo na kukubaliwa kabla mtu yeyote hajaweza kuinunua.

Basi weka wageni hawa wawili sako kwa bako. Wote walikubaliwa kabla ya kuuzwa. Wote waliandikwa kwa simuleta. Mmoja amezikwa, mwingine ametawala. Ungekuwa wewe ndiye mlinzi wa mlango mwaka 2000, ungechagua yupi? Wenye pesa na majina makubwa wote walikuwa upande wa Itanium! Kwa hiyo anayesema "tupokee tu kitakachofanikiwa" anataka walinzi wa kerneli wawe waganga wa ramli. Soko halitabiriki. Kigezo lazima kiwe kitu kingine, kitu unachoweza kukipima siku ileile mgeni anapobisha hodi.

Kigezo hicho hakikupatikana kwa siku moja. Kilipatikana kwa kuumia. Nitawapa mifano michache.

Upande wa chipu za ARM, zile za kwenye simu, kerneli ilipokea kila mtu. Kila mtengenezaji alileta msimbo wa chipu yake na wa ubao wake, kila mmoja ameandika kivyake, mambo yaleyale yamerudiwa mara kumi kwa majina kumi. Mwaka 2011 Torvalds alikasirika hadharani kuhusu fujo ile, na kazi ya kusafisha ikachukua miaka. Kumbe mgeni mmojammoja hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyewaambia wale wote wapike jiko moja.

Funzo lile lilionekana mapema tu. ARM walitangaza usanifu wao wa biti 64 Oktoba 2011. Julai 2012 Catalin Marinas wa ARM akatuma msimbo wa kerneli, ukiwa umejaribiwa kwenye simuleta kwa sababu hakuna chipu iliyokuwa dukani. Ukapitiwa, ukabishaniwa, hata jina likabishaniwa, na ukawekwa kwenye chumba chake kipya badala ya kuchanganywa na vurugu za zamani. Ukaingia kwenye kerneli ya 3.7 ya Desemba 2012. Simu ya kwanza yenye chipu za namna hiyo, iPhone 5s, ilitoka Septemba 2013, na hiyo hata haitumii Linux. Lakini simu za Android zilipofuata, zile mnazoshika wengi wenu, msingi ulikuwa umeshamwagwa zege.

Halafu kuna mgeni aliyerudishwa mlangoni. Mwaka 2016 AMD, walewale wa mafanikio ya 2003, walileta msimbo mkubwa wa kuendesha vioo kwa kadi zao za picha, mistari karibu 100,000. Walikuwa na haraka, maana kadi zao mpya za Vega zilikuwa njiani na zingeutegemea msimbo ule ili zitoe picha kwenye kioo. Desemba 2016 Dave Airlie, msimamizi wa sehemu ya picha, akakataa. Hakukataa kwa sababu Vega haikuwa sokoni. Alikataa kwa sababu msimbo uliandikwa kwa mtindo wa ndani ya kampuni, na tabaka lake la katikati ili utumike pia kwenye programu endeshi nyingine, kiasi kwamba mtu wa nje angeshindwa kuurekebisha. Hofu yake ilikuwa ya mwenye nyumba yeyote: ninyi leo mpo, kesho mkifunga virago nani atabaki na mzigo huu?

Vega ikaingia dukani katikati ya 2017 na kerneli ya kawaida haikuweza kuonesha picha yake. Walionunua mapema wakalazimika kutafuta kerneli za pembeni. Walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika, hela yao ilikuwa imeshatoka. AMD wakaenda wakausafisha msimbo, ukakubaliwa kwenye kerneli ya 4.15 iliyotoka Januari 2018. Nami nikitazama nyuma naona Airlie alikuwa sahihi, ingawa ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa sikuwa na Vega. Angeukubali ule kwa sababu tu sikukuu imekaribia, kila kampuni ingejifunza kuja usiku wa mwisho na mzigo usiofunguliwa.

Intel kwa upande wao walizoea njia ya kati ambayo naipenda. Msimbo wa chipu zao mpya za picha wanautuma mapema, unakaa ndani ya kerneli, lakini umefungwa kwa swichi. Mashine haitautumia mpaka mwenyewe uiambie kwa makusudi. Ahadi ya uimara inatolewa baadaye, chuma chenyewe kikishathibitishwa. Na hata hivyo kuna wakati mtoto hazaliwi. Chipu iliyoitwa Cannon Lake iliandikiwa msimbo wa picha mapema namna hiyo. Mwaka 2018 prosesa ya ukoo ule iliyofika sokoni ilikuwa na sehemu ya picha iliyozimwa, kwa hiyo hakuna mteja aliyewahi kuitumia. Mwaka 2021 msimbo ukafutwa. Hakuna aliyelia, kwa sababu waliouandika ndio waliokuja kuufuta wenyewe.

Wa mwisho ni RISC-V, lugha ya prosesa ambayo haimilikiwi na kampuni moja, kila mtu anaruhusiwa kutengeneza chipu yake. Uhuru huo ni mtamu lakini una hatari: kila siku kuna mtu ana pendekezo jipya la kuongeza maneno kwenye lugha. Ukiyakubali yote, kerneli inajaa lahaja za watu waliobadili mawazo. Mwaka 2019 wasimamizi wa RISC-V ndani ya Linux wakaandika sheria ikajulikana: hatupokei msimbo wa kiendelezi kipya mpaka maelezo yake yatangazwe rasmi kuwa yamegandishwa au yameidhinishwa. Angalieni vizuri, hawakuuliza "iko dukani?" Waliuliza "imeshaacha kubadilika?"

Na sheria ikajaribiwa upande wa pili. Mwaka 2021 zilianza kuuzwa mbao za bei nafuu zenye prosesa iliyotumia rasimu ya zamani ya kiendelezi cha hesabu za vekta, toleo la 0.7.1. Toleo rasmi la 1.0 liliidhinishwa mwishoni mwa mwaka huohuo, na halielewani na lile la rasimu. Kwa hiyo chuma kilikuwa dukani, mtu anacho mezani, na kerneli haikukikubali kwa njia ya kawaida, kwa sababu kilizungumza rasimu. Toleo la 1.0 likaingia kwenye kerneli ya 6.5 mwaka 2023. Lile la rasimu lilisubiri zaidi, na lilipokuja kukubaliwa liliingia kama jambo la pekee la mtengenezaji yule, si kama lugha ya wote.

Nikiyaweka pamoja haya yote, naona walinzi wa kerneli wamejifunza kuuliza maswali matatu mgeni anapobisha hodi. La kwanza: kitabu chako kiko wazi na kimeacha kubadilika? La pili: mtu wa nje anaweza kuujaribu msimbo wako, hata kwa simuleta, na kuuelewa kiasi cha kuurekebisha? La tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: ni nani, kwa jina lake, atakayekuwa hapa mwaka wa tano? Swali la kama mashine imeshauzwa halimo kabisa kwenye orodha. Linaonekana ndilo la kwanza, lakini ni la mwisho.

Wazee walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Itanium ilipewa jembe na ikalima kwa muda, tusiidhulumu. Ilipokosa wa kulishika, ikatolewa kwa heshima: walisubiri kerneli ya 6.6 itoke kwanza, ile inayotunzwa miaka mingi, ili watu wachache waliobaki nazo wasiachwe juani. Torvalds hata akaacha mlango wazi kidogo, kwamba wakiutunza wenyewe nje kwa mwaka mmoja hivi na kuonesha wanaweza, yuko tayari kulitazama tena. Kwa hiyo gharama ya kukosea si kifo. Gharama kubwa ni kupokea mzigo ambao hakuna mtu aliyekubali kuubeba, kisha unabebwa na wale wanaojitolea usiku baada ya kazi zao.

Haya, turudi Morogoro. Nilimwambia mpwa wangu aandike amri moja ninitumie majibu. Kumbe flashi ya rafiki yake ilikuwa na toleo lenye umri wa zaidi ya miaka miwili! Draiva ya waifai yake ilikuwa imeshaandikwa na watu wa kampuni iliyotengeneza chipu ile, ikakubaliwa kwenye kerneli baada ya toleo lile kufungwa. Ilikuwa imekaa huko inamsubiri. Akaenda maktaba ya chuo akapakua toleo jipya, maana kwa bando lake la simu asingeweza, akaweka upya. Waifai ikawaka. Sauti ikatoka. Akanipigia kwa mashine yenyewe, uso umejaa kioo kizima.

Nikamwambia: umeuliza walikuwa wapi wakati mashine yako inatengenezwa. Walikuwepo. Aliyechelewa ni flashi.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali jingine, huyu mtoto haishiwi: "Sasa mjomba, na hii laptopu ya mwenzangu, ikifika miaka ishirini, nani ataendelea kuitunzia draiva zake?"

Hilo nalo ni la mgeni na mwenyeji, ila safari hii mgeni ni mzee na watoto wake wameshahama. Nikamjibu kwamba atatunza yule atakayekuwa bado anaihitaji na amejifunza namna ya kufanya. Nikamwambia pia kwamba kwa nchi yetu, ambako mashine za mtumba ndizo nyingi, huenda huyo mtu akatakiwa atoke kwetu, si Nürnberg. Hakujibu. Siku mbili baadaye akaniomba nimtumie kitabu cha lugha ya C. Nimekitafuta, nakituma na jamaa anayekuja huko mwezi ujao.

Kwa leo niishie hapa. Msalimieni shangazi, mwambieni kisa kimekwisha, sasa anaweza kuamka.